Kila Ugonjwa na Mwenyewe

Nilihamishiwa Kahama mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sukari na sabuni vilipatikana kwa kujuana na petroli kwa kibali. Kazi yangu ilikuwa afya ya jamii. Cheo chenyewe kilikuwa kirefu na watu hawakuwa na haja nacho. Mwanamume mwenye kazi ile aliitwa Bwana Afya, kwa hiyo mimi nikaitwa Bibi Afya, basi.

Nilizaliwa Shinyanga mjini katika nyumba ya Kiislamu. Babu mzaa baba alitoka pwani na biashara ya vitambaa, akaoa Tabora, akaishia Shinyanga. Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Kisukuma nilijifunzia kazini, na hadi leo wenyewe hunicheka, wanasema nakiongea kama mtu anayesoma barua ya serikali.

Aliyenipeleka Kahama alikuwa mganga mkuu wetu wa mkoa, mtu mfupi, mtaratibu, asiyependa maneno mengi. Aliniita ofisini kwake, na badala ya kunikaribisha kiti akanisimamisha dirishani. Uani palikuwa na gari la malaria, gari la chanjo, na gari la ukoma na kifua kikuu lililokaa juu ya matofali kwa kukosa matairi.

"Unaona?" akasema. "Kila ugonjwa una mwenyewe. Una gari lake, una karatasi zake, una mkubwa wake Dar es Salaam. Mtu wa chanjo akipita kijijini akakuta watu wanaharisha, anasema hayo hayamhusu. Na kweli hayamhusu, hakuna aliyemtuma. Sasa tunatakiwa tutoe taarifa moja kutoka kila wilaya, kila wiki, ya magonjwa yote ya hatari. Nataka tujaribu Kahama kwanza."

"Nianzie wapi, Daktari?"

"Anzia kwa watu wanaotembea. Sisi wengine tunakaa."

Kahama ya wakati ule haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na pilika. Kulikuwa na malori ya mpunga, mnada wa ng'ombe, mabasi ya Tabora na Mwanza, na vijana waliotoka machimboni na vumbi jekundu kwenye nyusi wakitafuta pa kulala. Nilipanga chumba kwa mjane mmoja nyuma ya msikiti, nikapewa meza katika ofisi ya afya ya wilaya, nikaanza kuwatafuta watu wanaotembea.

Walikuwa watatu. Wa chanjo alikuwa kijana mchangamfu aliyekubali kila nilichomwomba na hakufanya hata kimoja. Wa malaria alitaka kwanza barua kutoka kwa mkubwa wake. Wa tatu ndiye niliyemhitaji hasa, msimamizi wa ukoma, mzee wa makamo, Mkatoliki wa Ushirombo, mwenye pikipiki iliyosikika kabla haijaonekana. Alikuwa akiwapelekea wagonjwa wake vidonge hadi mlangoni, na hapakuwa na njia ya ng'ombe katika wilaya nzima ambayo hakuwa ameipita.

Nilimkuta uani akifunga mizigo yake kwa mpira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bibi Afya."

"Mzee, wewe unafika kila mahali. Ukiona surua, ukiona watu wanaharisha, ukisikia mbwa mwenye kichaa kamuuma mtu, naomba uniletee habari."

Akaendelea kukaza mpira. "Mimi nina wagonjwa wangu."

"Najua. Hizi ni habari tu."

"Sikiliza, mama. Wale watu wameachwa na wake zao, wameachwa na watoto wao. Nikifika mlangoni wanajua nimekuja kwa ajili yao. Nikianza kuuliza habari za kuhara za jirani, watasema na huyu naye ametuchoka."

"Sikusema uwaache."

"Ndivyo inavyoanza," akasema, akawasha pikipiki.

Sikuweza kumchukia. Alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa bora kuliko ya wale wawili. Lakini taarifa zangu zilikuwa tupu. Nilikuwa naandika surua hakuna, kipindupindu hakuna, homa ya uti wa mgongo hakuna, huku nikijua kwamba maana ya "hakuna" ni kwamba hakuna aliyeniambia. Karani wa Shinyanga alinisifu kwa kuleta mapema.

Mvua za vuli zilipoanza, asubuhi moja yule msimamizi aliingia ofisini bila hodi. Alikuwa na matope hadi magotini na hakusubiri nimwamkie.

"Mdogo wangu alikuwa anachimba Nyarugusu," akasema. "Wamemleta nyumbani na lori la mpunga. Hakukaa, amekufa, tumemzika. Sasa mama yangu anaharisha, na mke wa marehemu anaharisha, na jirani aliyesaidia kumbeba naye anaharisha. Maji matupu, Bibi Afya, kama maji ya mchele."

Nilikuwa nimekiona kipindupindu miaka michache nyuma, kilipoingia nchini. Sikuhitaji kuuliza zaidi. Nilikimbilia kituo cha polisi, kwa sababu wao ndio waliokuwa na simu ya upepo, nikaomba Shinyanga watume dripu kwa basi la kwanza. Kisha nikajifunga khanga moja kiunoni, nyingine kichwani, nikapanda nyuma ya pikipiki ya mzee. Mama yangu alipokuja kusikia kwamba nimepakiwa na mwanamume kutoka Kahama hadi Ushirombo, hakuuliza habari za kipindupindu. Aliuliza kama tulipita mjini mchana.

Masista wa hospitali ya misheni walikuwa wametoa darasa la katekisimu liwe wodi. Madawati yalikuwa yamerundikwa nje kwenye mvua, na ndani wagonjwa walilala juu ya mikeka, ndoo kando ya kila mmoja. Dripu zilifika jioni, zikatosha waliozidiwa tu. Wengine tuliwanywesha maji ya chumvi na sukari, na sukari ya masista ilipokwisha tukapika uji mwepesi wa mchele tukautia chumvi. Mchele haukuwa shida, tulikuwa katika nchi ya mchele. Mke wa marehemu aliupokea uji ule kijiko kwa kijiko, akapona. Jirani naye akapona.

Mama mzee hakupona. Ndiye aliyemuuguza mwanawe na kufua nguo zake mtoni, na alikuwa na umri mkubwa. Mikono yake yote miwili tulikuwa tumeichoma dripu, kwa hiyo msimamizi alikaa amemshika mguu. Alimshika hivyo hadi mwisho. Padri alipomaliza sala, akauachia taratibu, akaufunika, akatoka nje kupanga madawati yaliyolowana.

Baada ya maziko alikwenda kwa dereva wa lile lori, aliyekaa kijiji cha jirani. Nilikwenda naye. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu, alituletea viti chini ya paa la nje.

"Pole sana, mzee," akasema. "Nilidhani ni malaria ya machimboni."

"Alikuwa peke yake kuumwa?"

Dereva akatazama chini. "Hakuwa peke yake. Kule wanazika tangu kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua! Mimi napita hapa kwako kila mwezi. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mzee? Wewe huja kuuliza ukoma."

Hakusema kwa ubaya. Msimamizi akainuka, akaaga. Njiani kurudi aliendesha polepole kupita kawaida yake, na tulipofika Ushirombo akazima pikipiki, akabaki ameikalia.

"Kesho twende Nyarugusu," akasema.

"Kule ni mkoa mwingine, mzee. Hatuna kazi kule."

"Mdogo wangu alikuwa na kazi kule."

Niliomba ruhusa kwa simu ya upepo ya misheni. Jibu la mganga mkuu lilikuwa fupi kama mwenyewe: niende, nianze kwa kuwasalimu wenyeji.

Mwenyeji wa kwanza kumsalimu alikuwa mganga wa zahanati, kijana mwembamba ambaye macho yake yalikuwa yameingia ndani kwa uchovu. Nilidhani atakasirika kuona watu wa Shinyanga wakija kumuuliza maswali. Badala yake alitushika mikono kama ndugu waliopotea.

"Nilitoa taarifa," akasema. "Mara ya kwanza, mara ya pili. Nimefuata utaratibu."

Na alikuwa amefuata. Taarifa yake ilipanda kwa wakubwa wake, ikapanda tena, na nilikuja kujua baadaye kwamba ilifika hadi Dar es Salaam. Utaratibu haukusema popote kwamba pia iende Ushirombo, ambako wachimbaji wengi walikuwa na mama zao. Kila mkoa ulitazama juu. Ugonjwa wenyewe ulikwenda pembeni, kwa lori la mpunga.

Alitupeleka machimboni. Niliwahi kusikia habari za maduara, lakini sikuwa nimeyaona. Yalikuwa mashimo yaliyoshikiliwa kwa miti, mengine karibu karibu hata ukaogopa kukanyaga kati yake. Vijana waliibuka humo weupe kwa vumbi. Wanawake walikaa wakitwanga mawe kwa vyuma. Kijito kimoja kilipita chini ya mteremko, na katika kijito hicho watu waliosha mchanga wa dhahabu, waliosha miili, walichota maji ya kupikia. Juu ya mteremko palikuwa kichaka, na kila mtu alikwenda kichakani.

Kando ya njia palikuwa na vibanda vya chakula. Mganga wa zahanati alituonyesha kimoja, cha mama mrefu aliyetoka Kharumwa, akasema kama kuna mtu anayewajua wachimbaji wote ni huyu.

"Mwangaluka, mama," nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha barua.

"Mwangaluka. Kalibuni. Mnakula?"

Msimamizi alikula wali na maharage. Mimi niliomba chai, nikahakikisha imechemka. Aliniona nikiitazama sufuria.

"Unaogopa maji yangu."

"Naogopa maji yote ya hapa, mama."

Akacheka, akakaa. Aliniambia kwamba yeye alidhani watu wanakufa kwa zebaki, ile dawa ya kukamatia dhahabu, kwa hiyo alikuwa amewakataza wateja wake wasiishike kabla ya kula. Nikamweleza kuhusu kijito na kichaka. Alisikiliza, lakini niliona hajakubali yote.

"Kwani unajuaje mtu ameumwa?" nikamuuliza.

"Asipokuja kula. Mteja wangu asipokuja, ama amepata dhahabu ama anaumwa. Akipata dhahabu nasikia kelele. Nisiposikia kitu namtumia uji."

"Na leo umetuma uji kwa nani?"

Akawatazama vijana waliokuwa wakila kando, akashusha sauti.

"Nikikuonyesha, watafunga. Wakifunga, mimi nakula wapi? Na hawa watoto wa watu?"

"Sina uwezo wa kuwazuia wakubwa wasifunge," nikasema. "Nitaandika kwamba kinachotakiwa ni maji safi na vyoo, na kwamba wakifunga watu watatawanyika na ugonjwa wao. Hilo ndilo ninaloweza."

"Hujasema hawatafunga."

"Sijasema."

Alifuta mikono kwenye khanga yake. "Haya. Njooni."

Alitupitisha kwenye vibanda vya nyasi. Katika kimoja walikuwa wamelala ndugu wawili wa Masumbwe, wamekauka hata ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Tuliwabeba wao na wengine hadi zahanati. Siku zilizofuata tulitia dawa kwenye mapipa ya maji na kuwataka wenye maduara wachimbe vyoo. Mmoja wao alikataa katakata, akisema mahali tulipochagua pana mwamba mzuri wa dhahabu chini. Tulipohama hatua chache tukaanza kuchimba wenyewe, vijana walikusanyika kutusaidia kwa bidii ambayo ilinishangaza, mpaka nilipoona kwamba kila sepetu ya udongo inapotoka wanaichambua. Choo kile kilikuwa kirefu kuliko vyoo vyote nilivyowahi kusimamia. Hawakupata kitu, lakini walikitumia.

Tulirudi Kahama tukiamini kazi imekwenda vizuri. Niliandika kama nilivyoahidi. Wiki chache baadaye mkubwa mmoja, ambaye sitasema alitoka ofisi gani, alifika machimboni na mgambo. Maduara hakuyagusa, kwa sababu maduara yalikuwa na wenyewe. Alifunga vibanda vya chakula. Masufuria yalipinduliwa, wali ukamwagwa matopeni, kina mama wakaambiwa wao ndio wanaoleta kipindupindu na wasionekane tena. Yule mama mrefu alichukua sufuria zake akarudi Kharumwa.

Habari hii nilipewa na mganga wa zahanati kwa simu ya upepo, kwa maneno ya mkato maana polisi walikuwa wakisikiliza. Nilikaa pale kituoni nikiwa nimeshika kile kisemeo na koplo akawa ananiambia nimalize. Nilikuwa na hasira na sikujua niipeleke wapi.

Baada ya hapo Nyarugusu ikanyamaza. Kila nilipouliza, jibu lilikuwa hakuna mgonjwa.

"Hakuna kabisa?" nilimuuliza kijana wa zahanati.

"Hawaji kwangu, Bibi Afya. Sijui kama hawaumwi au hawaji."

Aliyetujulisha ukweli alikuwa msimamizi wa ukoma. Akiwa Masumbwe kwa mgonjwa wake wa siku nyingi, aliuliza swali ambalo zamani asingeuliza: hapa jirani kuna mtu anaharisha? Mgonjwa wake akamwonyesha nyumba ya tatu. Ndani yake alikuwa amefichwa mchimbaji aliyetembea kutoka Nyarugusu kwa njia za porini ili asikamatwe barabarani. Msimamizi alimfunga mgongoni kwake kwa shuka, akamleta na pikipiki hospitali.

"Wanajificha," aliniambia. "Wanakunywa maji ya kijito kwa sababu hakuna wa kuwachemshia chai, na wakiugua wanakimbia. Tumefanya vibaya kuliko mwanzo."

Nilipanda basi kwenda Shinyanga, nikamweleza mganga mkuu kila kitu. Alinisikiliza akiwa ameegemeza kidevu mkononi. Kisha akaenda dirishani akamwita dereva wa gari la malaria. Yule mtu wa malaria wa kwetu Kahama, aliyekuwa amekuja kuulizia barua ya mkubwa wake ambayo ilikuwa bado haijaja, alitaka kusema neno. Mganga mkuu akamwambia na yeye apande.

Kikao na wakubwa wa mkoa wa pili sikuingia. Mimi na msimamizi, tuliyempitia Kahama, tulikaa nje kwenye benchi tukila karanga, tukisikia sauti zikipanda na kushuka. Mara moja nilimsikia mganga wetu mkuu akisema, "Ndugu yangu, wewe umepoteza wapishi, hujapoteza ugonjwa." Kilichobaki sikukisikia. Walipotoka, yule mkubwa alikuwa amenuna, lakini mambo mawili yalikuwa yamekubaliwa. Vibanda vingerudi, kwa sharti la maji ya kuchemsha na ndoo ya kunawia mikono mlangoni. Na zahanati za upande ule zingezungumza na Kahama moja kwa moja kwa simu ya upepo kila Jumatatu, bila kungoja habari ipande juu na kushuka.

Sasa ilibidi mtu aende Kharumwa kumrudisha mama. Nilikwenda mimi na msimamizi. Tulimkuta shambani kwake akipalilia karanga, na hakuacha kupalilia.

"Nilikuambia watafunga," akasema.

"Uliniambia, mama. Niliandika wasifunge. Hawakunisikiliza."

"Najua uliandika. Kijana wa zahanati alinisomea."

Alifika mwisho wa tuta, akageuka. "Tatizo lenu nyie watu wa afya, mnachukua habari kama wakusanya kodi. Zikienda hazirudi. Mimi nimewaonyesha watoto wagonjwa. Walipona? Walikufa? Hakuna aliyenijibu."

Msimamizi ndiye aliyemjibu. Akamwambia ndugu wawili wa Masumbwe walipona, akamtajia na kijiji chao na jina la mama yao. Akamwambia pia mmoja wa wale wengine alikufa. Mama alisimamisha jembe.

"Basi hivyo ndivyo nataka," akasema. "Nikikuambia, unijibu. Hata kama jibu lako ni kwamba hujui."

Mama alirudi Nyarugusu na sufuria zake, na hivyo ndivyo tulivyofanya. Kila Jumatatu, tukishamaliza kupokea habari za zahanati zote kwa simu, tulizirudisha. Masumbwe kuna surua. Ushirombo shwari. Kharumwa mbwa mwenye kichaa ameuawa, waliong'atwa wameanza sindano. Kijana wa zahanati alimpelekea mama, na mama akazitangaza kibandani wakati wa chakula. Sikutegemea kilichofuata. Wachimbaji walikuwa mbali na nyumbani, barua hazikuwa zikifika, na hapa palikuwa na mahali pa kusikia kwao kukoje. Walianza kuja kula kwake siku ya Jumatatu hata wale wa vibanda vingine, na waliokuja kusikia walileta habari zao. Mmoja alikuja kusema jirani yake ana homa na shingo ngumu, mwingine kwamba mtoto fulani ametokwa na vipele.

Msimamizi naye alipata dawa ya hofu yake. Siku moja aliingia ofisini akiwa na uso ambao sikuuzoea, uso wa furaha. Alikuwa amepita kijiji kimoja akiuliza habari za surua, na mama mmoja aliyekuja na mtoto mwenye homa akabaki nyuma wenzake walipoondoka, akafunua bega. Palikuwa na baka lisilohisi. Mama yule asingethubutu kumsogelea mtu wa ukoma mbele ya majirani, lakini kumsogelea mtu wa surua hakukuwa na aibu.

"Nimeanza kupata wagonjwa wangu kupitia wagonjwa wako," akasema.

"Ni wetu, mzee."

"Haya, wetu."

Kipindupindu kiliisha msimu ule. Mwaka mwingine surua ilianza upande wa Runzewe, na tuliisikia kutoka machimboni kabla ya zahanati ya Runzewe yenyewe kujua. Mtu wa chanjo, ambaye siku hizo alikuwa anafanya anachokubali, alifika kijiji cha kwanza na sanduku lake la barafu wakati watoto wengi walikuwa bado wazima. Kijiji kile hatukuzika mtoto. Kijiji cha pili petroli ilituishia njiani, na tulizika. Nayaandika yote mawili kwa sababu watu wakisimulia habari hizi hupenda kusimulia kijiji cha kwanza peke yake.

Baadaye walikuja wageni kutoka Dar es Salaam kuangalia tunavyofanya. Walikuwa wakizunguka mikoani kutafuta namna ya kuweka taarifa za nchi nzima pamoja, na nilielewa kutoka kwao kwamba wilaya nyingine nazo zilikuwa na majaribio yao, mengine mazuri kuliko yetu. Tuliwaonyesha simu ya upepo, ambayo haikushika siku hiyo. Tuliwapeleka kibandani Nyarugusu wakala wali. Mmoja wao, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani, alimuuliza mama maswali mengi kuhusu yale majibu ya Jumatatu, yanafika lini, yanatangazwa vipi, nini hutokea yasipofika. Karatasi mpya za taarifa zilipoletwa wilayani, zikiwa na magonjwa yote mahali pamoja, chini kabisa palikuwa na sehemu ya kuandika alichojibiwa aliyetoa habari. Wilaya nyingi ziliiacha tupu, naambiwa. Sisi tuliijaza.

Niliporudishwa Shinyanga, miaka michache baadaye, nilikwenda kuaga. Msimamizi alinipeleka, ingawa alikuwa amestaafu na pikipiki ile alikuwa amepewa mwingine. Aliiazima. Nyarugusu tulimkosa mama mrefu. Dhahabu ilikuwa imeonekana mahali pengine mbali zaidi magharibi, watu wengi wamehamia huko, na yeye amewafuata na sufuria zake. Kibandani alikuwa mwanamke mwingine, mdogo, mwenye mtoto mgongoni, ambaye hatukuwahi kumwona.

Tukamwamkia. Alitutazama, akatazama pikipiki, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ndiye Bibi Afya wa Kahama?"

"Ndiye mimi."

"Kuna watu wana macho mekundu, yanatoa usaha," akasema, akiweka sufuria chini. "Duara la juu. Wameanza baada ya mnada. Mganga wa zahanati ameshaambiwa, lakini leo hayupo."

Msimamizi alikuwa ameshavua kofia yake ili ale. Akaivaa tena. Nikamuuliza yule mama kama wanatumia taulo moja, akasema wanatumia shuka moja, tena chafu. Akamwita jirani yake amshikie kibanda, akamkaza mtoto mgongoni, akatangulia kutuonyesha njia.